Mabati ya Ikinga na Breki Iliyoacha Kukoroma

Kila nikikaa kijiweni hapa Iyula, mmoja wenu lazima aulize: "Baba Neema, hivi kule Ileje ilikuwaje, mbona ulikawia vile?" Nikianza kusimulia, wa pili anadakia, wa tatu anacheka kabla sijafika pa kuchekea, na stori inakwama njiani kama lori lenyewe. Basi nimekaa nikaiandika. Shule yangu mnajua iliishia wapi, kwa hiyo msinihukumu kwa mwandiko. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Habari za kutafuta mzigo na vibali nimeziruka, hazina utamu.

Mbangala hadi Iyula

Mbangala ni joto. Ukishuka kule kutoka kwetu huku unavua kwanza sweta, halafu unavua na maneno, maana hata kuongea kunachosha. Lakini huyo niliyemfuata kule alikuwa haishiwi maneno.

Ni Mama Atupele, Mndali wa Ikinga, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama huko kwao. Kikundi chao kilikuwa kinajenga nyumba ya mashine ya kusaga, na ghala nyuma yake. Miaka yote wamekuwa wakibeba mahindi kichwani kuvuka mlima kwenda kusaga, na kurudi na unga kichwani kuvuka mlima uleule. Safari hii walisema basi. Wakafyatua matofali wenyewe, wakapandisha kuta mpaka juu. Ila kuni za kuchomea matofali zilikosekana, kwa hiyo kuta zile zilikuwa za matofali mabichi, yanayorudi kuwa tope yakinyeshewa, na paa halikuwepo. Mashemeji zake waliohamia Mbangala walimchangia mbao za kenchi. Mabati, saruji na mashine yenyewe vilikuwa vinatusubiri Tunduma kwa muuzaji.

"Baba Neema," aliniambia tukiwa bado tunafunga kamba, "hayo matofali nimefyatua kwa mikono hii. Mvua ikinitangulia, sina mikono mingine."

Mwezi ule mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Hata kule kwenye joto tuliyaona.

Utingo wangu alikuwa kwao anauguza, nikasema tutapitia Iyula nitafute mwingine. Mama Atupele akaniuliza kazi ya utingo ni nini hasa. Nikamwambia: kuweka kigingi nyuma ya gurudumu gari likisimama mlimani, kuangalia mzigo, na kumzuia dereva asisinzie. Akasema, "Hiyo ya tatu nimeifanya kwa mume wangu kanisani miaka yote." Akapanda. Toka hapo alikuwa ndiye utingo, na kusema haki, sijawahi kupata mwingine aliyeruka chini na kigingi haraka kama yeye, pamoja na umri wake na vitenge viwili.

Tulipomaliza kupanda kutoka bondeni tukaanza kuteremka upande wa pili, nikabonyeza swichi ya breki ya injini. Kwa nyie msioendesha, nieleze kidogo. Lori lenye mzigo kwenye mteremko mrefu huwezi kulikanyagia breki za magurudumu muda wote. Zinapata joto, zinanuka, mwisho zinakataa kabisa. Ndiyo maana lina breki hii nyingine: ukibonyeza swichi, umeme unakwenda mpaka kwenye vali, vali inafungulia upepo, upepo unaziba bomba la moshi, na injini inajizuia yenyewe. Ikishika, lori linakoroma.

Safari hii lilikaa kimya.

"Kuna nini?" akauliza, maana aliniona nimebonyeza mara tatu.

"Limekataa kukoroma."

"Basi lina nafuu kuliko baba Atupele."

Nikacheka, lakini mguu wangu haukutoka kwenye kanyagio. Tuliteremka kwa gia ndogo, polepole mpaka bodaboda zikawa zinatupita huku abiria wanatupungia mkono.

Iyula hadi Tunduma

Iyula mliniona wenyewe. Mlikuja kulizunguka lori, kila mtu na lake. Kuna aliyesema fyuzi, na kwa haki yake, alisema "labda". Nikabadilisha fyuzi. Mama Neema akapika kande, Mama Atupele akala akasifu, halafu akaniambia mbele ya mke wangu kwamba mwanamume wa Singida aliyeoa Unyiha amepata kuliko anavyostahili. Nyumba nzima ikacheka. Nami nilicheka, ingawa usiku niliwaza kama ni kweli.

Asubuhi tukashika lami kwenda Tunduma. Teremko la kwanza, nikabonyeza. Kimya. Kwa hiyo haikuwa fyuzi.

Mama Atupele alikuwa anapiga simu kwao kila tukisimama. Anayepokea ni mkwewe. Na swali ni lilelile: "Mawingu yako wapi?" Siku ile jibu lilikuwa, "Yamekaa juu ya mlima, hayajashuka." Akikata simu ananigeukia: "Yamekaa. Lakini hayakuja kukaa."

Tunduma

Foleni ya malori Tunduma mnaijua. Tulipakia mabati, saruji na ile mashine, tukasogea kwenye uwanja wa maegesho, nikazima gari. Nikamwambia mama ukweli: kwa mzigo ule siwezi kuingia milima ya Ileje bila breki ya injini.

"Mimi nimezaliwa mlima huo," akasema. "Nimeuteremka na mtoto mgongoni na debe kichwani."

"Ulikuwa na tani ngapi, mama?"

Akanitazama, akasonya, akaenda kutafuta chakula. Nilijua amekasirika, na nilijua ana haki ya kukasirika. Mimi mwenyewe sikuwa na hakika kama nakataa kwa akili au kwa woga.

Mimi si fundi umeme. Nimejifunza kwa kuchomwa. Nina taa yangu ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili: moja unagusisha kwenye chuma cha gari, nyingine kwenye waya unaoushuku. Balbu ikiwaka, umeme umefika hapo. Ndani ya kebini nilipima mwenyewe. Kwenye fyuzi upo. Swichi inaupitisha. Kwenye klachi kuna kiswichi kidogo kinachokata ukikanyaga, nacho kilikuwa kizima. Ikabaki chini, upande wa chesisi, ambako waya unakimbia mpaka kwenye vali. Hapo panataka watu wawili, mmoja abonyeze juu, mwingine ashike taa chini.

Jirani yangu kwenye maegesho alikuwa dereva wa Kizambia, mtu mnene mpole anayesubiri karatasi zake za kurudi kwao. Nilisikia wenzake wakimwita Ba Mwila. Kiswahili chake kilikuwa maneno machache, na Kibemba changu ni cha kusalimia tu, na wengi wetu watu wa kuja hatuna hata hicho. Nikamwonyesha taa, nikamwonyesha waya kwa kidole, akaelewa. Akatandika boksi chini, akaingia uvunguni bila kinyongo. Mtu asiyenijua, na nguo zake safi.

Nikapanda, nikabonyeza swichi, nikapaza sauti. Mafundi wetu umeme wanauita moto, na mimi ndivyo nilivyozoea.

"Moto upo?"

"Awe!" akajibu kutoka chini, kwa sauti ya juu, changamfu.

Mimi nikasikia kama mtu anayeshangilia. Kama vile aweee! Nikafurahi. Nikamwambia asogee mbele zaidi.

"Na hapo, moto upo?"

"Awe, awe!"

"Kwenye vali je? Moto?"

"Awe, mukwai!"

Basi nikajumlisha: kama umeme unafika mpaka kwenye vali na vali haifungui, vali imekufa. Nikamshukuru Ba Mwila, nikaifungua ile vali, nikaenda nayo kwa muuza vipuri chakavu nyuma ya soko.

Huyo muuzaji ni kijana mwenye maneno. Aliichukua vali, akaigusisha kwenye betri yake, ikalia ta! Akaigusisha tena, ta!

"Mzee, hii nzima."

"Imekufa hiyo."

"Mzee, unaisikia lakini? Maiti gani anagonga mlango?"

"Umeme unafika, haifungui."

"Nani kakwambia unafika?"

"Mtu mwaminifu," nikasema.

Akanitafutia nyingine kwenye rundo lake, na hilo likachukua muda mrefu, maana kila aliyoishika ilikuwa na kasoro. Akanipa ya kujaribu, akasema, "Chukua, ila ikikataa na hii usije ukaniambia na yenyewe imekufa. Nitaanza kuogopa mkono wako." Nikarudi, nikaifunga, nikawasha injini, nikabonyeza. Kimya. Siku ikawa imekwisha hivyo, na simu ya Ikinga ilisema mawingu yameteremka nusu ya mlima.

Kesho yake mchana nilikuwa nimekaa kwenye ringi ya gurudumu, nimeishiwa. Mama Atupele alikuwa amepatana na mama ntilie mmoja Mnamwanga hapo maegeshoni, wakapika pamoja ugali, maharage na dagaa. Hasira yake haikuwa imeisha lakini alinisogezea dagaa wengi kuliko wake, ndivyo alivyo. Akamwita na Ba Mwila. Tukala watatu kwenye sinia moja, mama ntilie akisimama pembeni na mwiko.

Ba Mwila alikula vizuri. Sinia ilipopungua, mama ntilie akaja na ugali mwingine wa moto. "Nikuongeze?"

Ba Mwila akaweka kiganja chake juu ya upande wake wa sinia, akatikisa kichwa, akatabasamu vizuri kabisa. "Awe, mukwai. Naikuta."

Mkono wangu ulibaki hewani na tonge.

"Mama," nikamwuliza mama ntilie, "amesemaje?"

"Amekataa kwa heshima. Anasema ameshiba."

"Hilo la kwanza. Awe."

"Awe ni hapana. Kibemba."

"Hapana?"

"Hapana, baba. Awe ni hapana, tangu zamani."

Nikaliweka lile tonge. Nikamwomba amwulize Ba Mwila: jana chini ya lori, nilipouliza kama moto upo, alikuwa anasema taa inawaka au haiwaki? Wakaongea kwa muda. Mama ntilie akaanza kucheka mpaka akashika nguzo ya banda.

"Anasema taa haikuwaka hata mara moja. Na anasema alikushangaa sana. Kwao moto ni moto, huu wa kuunguza. Alidhani unamwuliza kama gari linaungua! Ndiyo maana alijibu kwa nguvu, akuondoe wasiwasi: hapana, hapana, baba, haliungui!"

Jamani. Mama Atupele alilala chali kwenye mkeka. Ba Mwila naye alipoelewa nilichoelewa mimi, alitoa kicheko cha tumboni, akanipiga begani, "Ba driver! Ba driver!" na machozi yanamtoka. Madereva wa magari ya jirani wakaja kuuliza, wakasimuliwa, nao wakaangua kicheko. Mpaka naondoka Tunduma kuna watu nisiowajua waliokuwa wakiniona wanauliza, "Moto upo?" na wengine wanaitikia, "Awe!"

Niseme kwa haki, maana baadhi yenu mmekuwa mkimsimulia Ba Mwila kama ndiye aliyekosea. Hakukosea. Kila nilipomwuliza alisema kweli, kwa maana zote mbili: taa haikuwaka, na gari halikuungua. Muuza vipuri naye alisema kweli. Nilikuwa nimezungukwa na watu wakweli, mimi nikawa nasikia ninachotaka.

Tulirudi uvunguni palepale. Safari hii tulipatana: ikiwaka agonge chuma mara moja, isipowaka mara mbili. Karibu na vali, ngo ngo. Akirudi nyuma kidogo, ngo ngo. Karibu na bawaba ambapo kebini inainukia, ngo ngo. Juu ya bawaba, ngo! Kwa hiyo umeme ulikuwa unafia kwenye bawaba yenyewe. Niliinamisha kebini, nikaushika ule waya, nikaupapasa polepole. Ngozi yake ya plastiki ilikuwa nzima kabisa, hata mchubuko hauna. Lakini mahali pamoja ulikunjika laini kama jani la mlenda, hauna mfupa ndani. Lori ni la zamani. Kebini imeinuliwa na kushushwa miaka mingapi sijui, na waya ulikuwa umekatika ndani kwa ndani bila kuonyesha nje.

Nikaukata pale, nikaunganisha kipande kipya kirefu kidogo kisivutwe, nikafunga tepu, nikarudisha vali yangu ileile. Nikawasha injini, nikakanyaga mafuta, nikaachia, nikabonyeza.

Lori likakoroma.

Mama Atupele akapiga kigelegele kilichowaamsha waliokuwa wamelala kwenye foleni. Nilimrudishia muuza vipuri vali yake. Akaipokea kwa vidole viwili, akaisikiliza, akasema, "Imenusurika."

Mpemba hadi Isongole

Pale Mpemba tukaacha barabara kuu. Ni lami mpaka Isongole na mbele kidogo, na vilima vyake ni vya kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Kila teremko nilibonyeza, hata yale madogo yasiyohitaji, kwa raha tu. Mama Atupele akagundua kwamba lori linakoroma kwa sauti ya besi, akaanza kuimba nyimbo za kanisani juu yake, na akanitaka niachie na kubonyeza anapofika kwenye kiitikio. Nilijaribu. Mara mbili niliingia vibaya, akanisema kama mwalimu wa kwaya.

Tulikawishwa na ng'ombe, halafu tukakawishwa na bwana mmoja aliyesimamisha gari kwa mikono miwili, tukadhani kuna ajali mbele, kumbe alitaka kujua mabati yetu ni ya geji gani, yaani unene wake. Mama Atupele alimjibu kwa adabu, akamshauri anunue mazito, akamwuliza na habari za familia. Mimi nilikuwa natazama mawingu.

Isongole tulinunua ndizi za kuchoma na karanga. Simu ya Ikinga haikupokelewa. Akapiga tena, haikupokelewa. Mama Atupele akaacha kuimba.

Isongole hadi Ikinga

Baada ya Itumba lami inakuachia, unaingia udongo mwekundu. Hapo ndipo nilipoona milima niliyoikatalia, na sijutii kuikatalia. Barabara inajikunja ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine unaona migomba kwa juu yake, yaani unaona vichwa vya migomba.

Juu kabisa nikasimama. Mama akaruka na kigingi. Upepo ulikuwa wa baridi na una harufu ya mvua. Akaondoa kigingi, akapanda tena, akashika chuma cha mlango.

"Tunashuka?" nikauliza.

"Wewe ndiye dereva, baba."

Ilikuwa mara ya kwanza kunijibu hivyo bila kejeli.

Nikaweka gia ndogo, nikabonyeza. Lori likakoroma, likashika. Nilihisi mzigo wote, mbao na saruji na mashine, unatusukuma mgongoni, na injini inaukatalia. Kwenye kona nakanyaga breki ya mguu kidogo, naachia. Kona nyingine. Sina hakika ni kona ngapi. Nilikuwa nasikiliza sauti ile moja tu, na kila ilipoendelea nilikuwa kama mtu anayesomewa habari njema. Tone la kwanza likapiga kioo tukiwa nusu. Mama akahema. La pili. Halafu yakaacha, kama mtu aliyebisha hodi akabadilisha nia.

Tulipofika chini, watu walikuwa wanakimbia kutoka mashambani kutufuata, na mkwewe mbele. Simu yake ilikuwa haina chaji, basi, hakuna kingine. Nyumba ya mashine ilikuwa kilimani, kuta za kahawia, ndefu kuliko nilivyofikiria, wazi juu kama kikombe.

Kenchi hazikuwa zimepigwa hata moja. Fundi seremala alisema paa ni kazi ya siku tatu. Mvua haikuwa na siku tatu, ilikuwa inaonekana ikija kwa miguu kutoka mlima wa pili, nyeupe.

Mama Atupele akapanda juu ya mzigo na vitenge vyake viwili, akapiga makofi. "Mbao juu ya ukuta! Zilale tu! Mabati juu ya mbao! Mawe juu ya mabati! Saruji na mashine vibaki kwenye gari na turubai! Na pasipo na jiwe, akae mtu!"

Sijawahi kuona lori likishushwa vile. Wanawake, wanaume, mchungaji, na bibi mmoja aliyebeba bati moja peke yake kichwani kama kofia pana. Mbao zikalazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mabati yakapita mikono kwa mikono. Mawe yakapandishwa kwa madebe. Mawe yaliisha kabla ya mabati, kwa hiyo tukapanda watu. Mimi nilipewa kona ya kaskazini, nikalala kifudifudi juu ya bati nikiwa nimeshika mbao kwa mikono miwili, na mchungaji kulia kwangu, amelala vilevile.

Mvua ikatufikia. Jamani, kelele zake juu ya mabati, na sisi juu yake! Mtu akianza kuimba hasikiki, kwa hiyo wote tuliimba kila mtu wimbo wake. Nililowa mpaka ndani ya masikio. Nilikuwa nacheka, sijui kwa nini, na mchungaji naye alikuwa anacheka.

Sitaficha: kona moja ya ghala bati lilihama, na safu mbili za juu zikamomonyoka. Kesho yake walizijenga upya kabla ya chai. Na kenchi zilipigwa baadaye, na mashine ikafungwa, hayo mtawauliza wenyewe.

Lakini mvua ilipopungua tukateremka, tukaingia ndani ya nyumba ile kwa kuinama, watu wote tukiwa tunachuruzika. Ndani kulikuwa na giza kidogo. Mama Atupele akaenda mpaka ukutani, akaubandika kiganja chake, akakiburuta chini taratibu, akakileta mlangoni kwenye mwanga akakitazama.

"Vumbi," akasema.

Akaja akanipaka usoni.